Kiwiko kinanywea, bega linazama: kutafuta kasoro za viungo kwenye modeli ya binadamu

Modeli nyingi za 3D za binadamu, zile zinazotengenezwa kwa kompyuta, hupendeza zikiwa zimesimama wima, mikono pembeni. Balaa huanza siku mteja anapotaka mama lishe aliyechuchumaa mbele ya jiko, konda aliyening'inia mlangoni mwa daladala, au mzee aliyesujudu. Hapo ndipo kiwiko kinaponywea na kwapa linapochanika. Sisi tunaofanya kazi hizi Dar, iwe Sinza au Mikocheni, tunaombwa mapozi ambayo video nyingi za mafunzo haziyagusi kabisa: zimejaa askari wanaokimbia na watu wanaorushiana ngumi, mtu anayefua kwenye beseni hayumo.

Nimepanga kwa dalili. Vitufe nitakavyotaja ni vya Blender, kwa kuwa ni ya bure na ndiyo wengi wetu tunayo, lakini visababishi ni vilevile ukiwa kwenye Maya, Daz Studio au Poser. Nikisema kipeo nina maana ya zile nukta zinazounda ngozi ya modeli. Nikisema uzito nina maana ya kiasi ambacho kipeo kinautii mfupa fulani, kuanzia 0 hadi 1. Na jambo moja ulishike tangu sasa: sehemu inayoonekana mbovu mara nyingi siyo yenye ugonjwa. Wengi wakiona bega baya wanakimbilia brashi ya uzito, wakati mfupa wenyewe umewekwa pasipo mahali pake.

Vipimo vya kwanza

Nakili faili kabla hujagusa chochote, umeme wa kwetu unaujua. Kisha chagua mifupa yote na urudishe pozi la mwanzo kwa Alt+R, Alt+G na Alt+S.

Bonyeza N usome namba za Scale, za mwili na za rigi, yaani mifupa yote ya modeli kwa pamoja. Zote ziwe 1. Mkono unaorefuka ukinyanyuliwa na kufupika ukishushwa ni dalili ya namba hizo kutolingana. Dawa ni Ctrl+A ukiwa Object Mode, uchague Scale, na uifanye kabla hujaanza animesheni, maana mwendo uliokwisha kurekodiwa haubadiliki pamoja nayo.

Halafu zungusha mfupa mmoja, kwenye mhimili mmoja, basi. Kasoro ikijitokeza hapohapo, tafuta kwenye mahali pa mfupa au kwenye uzito. Ikijitokeza tu ukishazungusha viungo vitatu vinne kwa pamoja, tatizo liko kwenye mnyororo wa mifupa au kwenye pozi lenyewe. Na kiwiko kikikunjwa huku kinapotoka kwenda pembeni, mhimili wa mfupa umelala vibaya: ingia hali ya kuhariri mifupa, Shift+N, upange upya.

Kama hata kufunga ngozi kwenye mifupa kumegoma, Blender ikalalamika kwamba uzito wa otomatiki umeshindikana, angalia vipeo vilivyorundikana mahali pamoja na vipande vya mwili visivyoungana. Unganisha vipeo kwa Merge by Distance. Modeli ikiwa ndogo mno, kuza mwili na mifupa mara kumi, funga, kisha rudisha.

Kiwiko kikikunjwa kinanywea

Chukua kipeo kilicho kwenye mstari wa kiwiko, kinachoutii mfupa wa juu kwa 0.5 na wa kigasha kwa 0.5. Programu inajiuliza: kingefuata mfupa wa juu peke yake kingekuwa wapi? Kingefuata kigasha peke yake je? Kisha inachukua wastani wa majibu hayo mawili. Sasa, katikati ya nukta mbili zilizo kwenye duara hakuangukii juu ya duara, kunaangukia ndani yake. Mkono ukikunjwa nyuzi 90, kipeo hicho kinabakiwa na asilimia 71 ya umbali wake kutoka kwenye mhimili. Ukikunjwa nyuzi 120, kinabakiwa na nusu. Ungepaka uzito usiku kucha, hesabu haibadiliki.

Kwa hiyo anza kwingine. Hesabu pete za vipeo zinazozunguka kiwiko: zisipungue tatu, moja juu ya mkunjo, moja kwenye mkunjo, moja chini yake. Pete moja haitoshi hata kwa modeli ya gemu la simu.

Pili, mahali pa kiungo. Jishike kiwiko chako sasa hivi. Kuna vifundo viwili vya mfupa, kimoja upande wa ndani, kingine wa nje, na mhimili wa kukunja unapita humo. Ukitazama mkono kwa ubavuni utaona mstari huo uko karibu zaidi na nyuma, ambako ngozi imelala juu ya mfupa, kuliko na mbele ambako kuna nyama. Wengi wanautia katikati kabisa ya unene wa mkono, ndiyo maana ncha ya kiwiko inayeyuka mkono ukikunjwa.

Tatu, nenda kwenye modifaya ya Armature uweke tiki kwenye Preserve Volume. Hapo Blender inaacha wastani ule na kutumia kwaternioni pacha (dual quaternion), njia nyingine ya kuchanganya mizunguko iliyoelezwa na Ladislav Kavan na wenzake mwaka 2007. Unene unarudi. Ila ina kasoro ya upande wa pili: kiungo kikikunjwa sana kinavimba. Mimi naitumia kwa picha na video tu. Kwa gemu siitumii, sababu iko mwishoni.

Dawa yenye uhakika ni umbo la kurekebisha. Kunja kiwiko hadi nyuzi 130 hivi, chonga kwa mkono kilichoharibika, kisha funga umbo hilo na mzunguko wa mfupa ili lijitokeze kadiri mkono unavyokunjwa. Wazo hili walilichapisha J. P. Lewis, Matt Cordner na Nickson Fong mwaka 2000, na studio kubwa hadi leo zinaliegemea. Chonga mwishoni lakini, mifupa ikishatulia. Ukihamisha kiungo baadaye, kazi yote ya kuchonga imeliwa.

Weka na kikomo. Kiwiko cha mtu wa kawaida kinafika nyuzi 145 hadi 150, basi.

Kifundo cha mkono kinasokotwa

Unageuza kiganja kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepokea sinia, na kifundo kinanyongwa kama nguo inayokamuliwa. Ni hesabu ileile ya wastani, ila kwenye msokoto: nyuzi 180 zikifika, kipeo cha nusu kwa nusu kinaangukia juu ya mhimili wenyewe, unene sifuri.

Mwili haugeuzi kiganja kwenye kifundo. Kigasha kina mifupa miwili, na mmoja, ule wa upande wa kidole gumba, unaviringika juu ya mwenzake. Ule wa upande wa kidole kidogo unabaki palepale. Weka mkono wako mmoja juu ya kigasha cha mwingine, geuza kiganja, usikie: karibu na kiwiko ngozi haisogei, katikati inasogea kiasi, karibu na kifundo inafuata yote. Modeli nayo ifanye hivyo. Gawa kigasha vipande viwili au vitatu vya mifupa ya msokoto, kipande cha kifundo kifuate mzunguko wote wa kiganja, cha katikati nusu yake, cha kiwiko kisifuate kitu. Mguso huu peke yake unaokoa mikono mingi kuliko masaa ya kupaka uzito.

Kiganja kinageuka takriban nyuzi 80 hadi 90 kila upande. Zaidi ya hapo mtu anageuza bega, nawe geuza bega.

Mkono ukinyanyuliwa, bega linazama na kwapa linachanika

Hili ndilo linaloua modeli nyingi, na ndilo ninalotaka ulichunguze pole pole. Pozi la kupima: mama aliyenyanyua mkono mmoja kushika ndoo iliyo kichwani.

Kwenye modeli mbovu utaona shimo juu ya bega, pale ambapo msuli ulitakiwa kujaa, na ngozi ya kwapa imevutwa kama kamba hadi ubavuni. Fundi anapaka uzito, shimo linapungua, mkono ukishushwa bega linaota nundu. Anapaka tena. Hamalizi.

Mtu akinyanyua mkono hadi juu kabisa, nyuzi zile 180 hazitoki kwenye kiungo cha bega peke yake. Kama 120 zinatoka hapo, na kama 60 zinatoka kwenye kombe la bega linaloteleza na kuzunguka mgongoni, huku mtulinga nao ukipanda. Inman, Saunders na Abbott waliueleza uwiano huo wa mbili kwa moja mwaka 1944, na haujawa amri: mwanzoni mwa mwendo kombe linasogea kidogo sana, linaamka baada ya nyuzi 30 hivi, na watu hutofautiana. Lakini modeli inayotoa nyuzi 180 zote kwenye mfupa wa juu wa mkono, mtulinga ukiwa umelala, inafanya kitu ambacho hakuna mtu anayekifanya. Haishangazi ikichanika.

Kagua mtulinga wa rigi yako unaanzia wapi. Rigi nyingi za haraka zinauanzisha katikati ya shingo. Mahali pake ni mbele, penye kibonyeo kilicho chini ya koo, na unakwenda pembeni na nyuma kidogo hadi begani. Ukiuanzisha shingoni, bega likipanda linaelekea sikioni badala ya kupanda na kuingia ndani.

Ukiurekebisha, zungusha mtulinga kwanza, mkono baadaye. Ukiwa na rigi utakayoitumia sana, fanya mtulinga ufuate wenyewe: uunge na mzunguko wa mkono kwa theluthi moja, uanze baada ya nyuzi 30. Kisha geuza mfupa wa juu wa mkono kuelekea nje kadiri unavyopanda. Mwili unafanya hivyo, mkono usipogeuka hivyo unagota. Kwenye modeli haugoti, ila kiwiko kinaelekea upande wa ajabu na mtazamaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini.

Uzito wa bega upake sasa. Na kama modeli bado haijafungwa, ichonge mikono ikiwa imeshuka nyuzi 45, pozi la A, siyo pozi la T lenye mikono iliyonyooshwa pembeni. Watu wengi wanashusha mikono zaidi ya wanavyoinyanyua, kwa hiyo ni afadhali bega lipendeze huko chini na lirekebishwe kwa umbo maalumu likiwa juu.

Kuchuchumaa: nyonga na goti

Kwanza mahali pa nyonga. Kile kifupa unachokishika ubavuni, chini ya kiuno, siyo kiungo. Kiungo kiko ndani zaidi, nyuma ya katikati ya mkunjo wa kinena. Ukikiweka pembeni mno, paja likipanda linabeba tako lote. Ukikiweka chini mno, mtu anakunjika kwenye paja badala ya kwenye kinena, na suruali inajikunja mahali ambapo haijawahi kujikunja.

Pili, nyonga haifiki huko peke yake. Paja likifika nyuzi 110 au 120, fupanyonga linakuwa limelala nyuma na kiuno kimeviringika. Modeli ya mtu aliyechuchumaa na mgongo ulionyooka wima kama nguzo haikubaliki, hata uzito ukiwa safi.

Tatu, nyayo. Watu waliozoea kuchuchumaa tangu utotoni, wakifua au wakipepea jiko, visigino viko chini, uzito wa mwili umelala kwenye nyayo nzima, magoti yamefunguka kidogo na viwiko vimeegemea juu ya magoti. Mapozi mengi ya kupakua bure yanamchuchumisha mtu kwa ncha za vidole. Huyo si mama wa Manzese, huyo ni mwanariadha anayesubiri bastola ilie.

Goti lenyewe: pia ya goti haikunji pamoja na muundi. Goti likikunjwa, pia inateleza chini mbele ya mfupa wa paja, na goti linaonekana bapa na pana. Umbo la kurekebisha ni lazima hapa. Na programu haijui kwamba nyama inagusana: kigimbi kinaingia ndani ya paja bila aibu. Chonga vyote viwili vibonyee vinapokutana, upande wa nyuma, usiviache vipenyezane.

Kuna mafundi wanaoifunika kesi yote kwa kitenge na kufuta mwili ulio chini yake. Sioni ubaya. Mama lishe wangu mwenyewe hana mapaja.

Goti likiruka na kukunjikia nyuma ukitumia IK (unavuta unyayo, programu inakunja goti yenyewe), sababu ni mguu ulionyooka kabisa katika pozi la mwanzo, programu haijui ielekee upande gani. Sogeza goti mbele kidogo kwenye hali ya kuhariri, na uweke kielekezi mbele yake.

Shingo na kiuno

Msokoto uliofungiwa kwenye mfupa mmoja ndio unaoleta shingo ya bundi. Kwenye shingo, karibu nusu ya kugeuka kunafanyika kwenye pingili mbili za juu kabisa, chini ya fuvu. Zilizobaki zinagawana. Mgongoni ni kinyume cha wanavyodhani wengi: pingili 5 za kiunoni zinageuka kidogo sana, 12 za kifuani ndizo zinazogeuka zaidi. Modeli yenye mfupa mmoja wa kiuno unaozungushwa nyuzi 40 itanyongeka tu. Weka mitatu, na msokoto uutie juu.

Vidole vinavyofanana na soseji

Tazama mkono wako upande wa nyuma, kisha upande wa kiganja. Kidole kimoja, urefu tofauti: nyuma kinaanzia kwenye kifundo cha ngumi, kiganjani kinaanzia mbele zaidi, karibu katikati ya kipande cha kwanza cha kidole. Kiungo kifuate upande wa nyuma. Ukikiweka pale vidole vinapoachana kiganjani, ngumi haitafunga kamwe.

Kidole gumba kinakunjikia upande tofauti na wenzake, mhimili wake usiunakili kutoka kwa cha shahada. Vidole vinne vikikunjwa, ncha zake zinakutana kuelekea mzizi wa kidole gumba, hazishuki sambamba kama meno ya reki.

Viungo vizima, pozi limekufa

Hapa hakuna brashi itakayosaidia. Angalia uzito wa mwili uko juu ya nini. Mtu aliyesimama anapumzikia mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda, bega la upande huo linashuka. Mwenye mzigo kichwani anafanya kinyume: kichwa na shingo vimetulia, kazi yote iko nyongani. Mambo haya hayakisiwi, kwa hiyo piga picha za rejea mwenyewe. Wabeba mizigo wa Kariakoo na wapara samaki wa Feri wana mapozi ambayo huyapati kwenye maktaba yoyote ya kupakua. Omba ruhusa tu: "Kaka, naomba nikupige picha ya mkao, sura haitaonekana." Wengi wanakubali, wengine wanataka hela ya soda, na ni haki yao.

Kosa jingine ni ulinganifu. Ukitumia kioo cha mifupa kupanga mkono wa kulia na wa kushoto kwa mpigo, zima kioo hicho mwishoni na uharibu upande mmoja kwa makusudi.

Kama mwili unajizungusha vibaya kati ya mapozi mawili yaliyo sawa, unatumia nyuzi za Euler (mzunguko unaohesabiwa mhimili mmoja baada ya mwingine) na mihimili miwili imelaliana. Badili mifupa ya bega na nyonga iende kwenye kwaternioni kabla ya kurekodi chochote.

Nzuri kwenye Blender, mbovu kwenye gemu

Preserve Volume haisafiri. Faili la kusafirisha modeli, FBX au glTF, likifika kwenye programu ya kutengeneza gemu kama Unity au Unreal, kwa kawaida ngozi inarudi kwenye wastani ule wa zamani, na kiwiko chako kinanywea mbele ya mteja. Ndiyo maana modeli ya gemu naifunga tiki hiyo ikiwa imezimwa tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna idadi ya mifupa kwa kipeo. Kikomo cha kawaida ni minne. Kipeo cha begani kilichopakwa kikatii mifupa sita kitapoteza miwili, na ngozi itaruka. Tumia Limit Total, weka 4, fuatisha Normalize All, kisha nyanyua mkono tena ukague kabla hujasafirisha. Maumbo ya kurekebisha yenyewe yanasafiri, lakini kile kiunganishi (driver) kinachoyaendesha kufuata mzunguko wa mfupa hakisafiri. Lazima mtengeneza gemu akiunge upya upande wake, kwa hiyo mwandikie: umbo lipi, mfupa upi, kuanzia nyuzi ngapi hadi ngapi.

Na modeli ikitokea ukubwa wa sisimizi au wa ghorofa, Blender inahesabu kwa mita, Unreal kwa sentimita. Rekebisha kwenye mipangilio ya kusafirisha, usiivute rigi kwa mkono.